Barua ya Mama Haikusomwa

Kiti kilifika siku tatu kabla ya mwenyewe. Kilikuwa cha mninga, kina mikono miwili na mto wa ngozi, na kililetwa kwa mkokoteni mpaka mlango wa nyuma wa benki. Nilikipokea mimi. Nilitia saini kwenye karatasi ya fundi, nikakisukuma hadi nyuma ya dirisha la akiba, nikakipangusa vumbi lote la njiani. Kisha, kwa kuwa ilikuwa saa ya chakula na ofisini hapakuwa na mtu, nikakikalia. Niliegemea kwa mgongo wote, nikatazama barabara ya sokoni kama mtu aliyefika kwake.

Nilikuwa na sababu ya kudhani ni changu. Ilikuwa benki ndogo ya akiba mjini Arusha, miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, na kwenye dirisha la akiba tulikuwa wawili tu: karani mkuu, Mhindi mmoja mzee mpole, na mimi msaidizi wake, msichana wa Kimeru mwenye darasa la nane na cheti cha taipureta. Mhindi alipohamia Nairobi kwa wanawe alinikabidhi funguo, akaniambia, "Haya binti, sasa hapa ni pako." Kwa miezi saba nikafanya kazi yake na yangu kwa mshahara wangu uleule. Meneja, Mwingereza, alikuwa akipita nyuma yangu akisema, "Nzuri, nzuri sana." Sasa kiti kipya kimekuja. Kingekuwa cha nani kama si changu?

Meneja alirudi kutoka kula akanikuta nimekaa. Hakunigombeza. Alitabasamu, akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuamrishia watumishi: "Hii kiti ya karani mkuu mpya. Yeye nafika Jumatatu. Wewe tafundisha yeye kazi."

Nikasimama. Nikakipangusa tena, safari hii nikifuta joto langu mwenyewe.

Nitasema mapema ili mtu asihangaike kunitafutia sifa: nilimwonea wivu yule kijana kabla sijamtia machoni. Watu wakisikia mwanamke ana wivu hudhani ni habari ya mume. Mume sikuwa naye. Wivu wangu ulikuwa wa kiti, na wa mshahara uliokuja na kiti, na ulinikaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Nikila upo, nikilala upo.

Nilimwuliza meneja sababu. Nilijipa moyo, nikagonga mlango wake, nikauliza kwa adabu zote. Akanijibu bila kuudhika, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua huzama. Mwanamke ataolewa, ataondoka. Mwanamume ana watu wa kulisha. Basi. Nikamshukuru, maana ndivyo tulivyofunzwa, nikafunga mlango polepole.

Huyo mwanamume mwenye watu wa kulisha alishuka kwenye basi Jumatatu asubuhi akiwa na sanduku moja. Alitoka Tanga, ambako alikuwa karani wa forodha. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, hakuwa na hata paka. Alipanga chumba kwa shangazi yake Ngarenaro, na shangazi mwenyewe ndiye aliyemlisha. Mimi nilikuwa nalipa ada ya mdogo wangu wa kiume shuleni, na sukari na mafuta ya taa ya mama mdogo aliyenihifadhi Kimandolu siku za kazi. Lakini mlishaji alikuwa yeye.

Angekuwa mtu mbaya ningepumua. Ubaya wa yule kijana ni kwamba hakuwa na ubaya. Viatu vyake viling'aa, sauti yake ilikuwa ya chini, na mama yeyote mzee akifika dirishani alisimama wima akatoa shikamoo yake kabla hajashika kalamu. Mimi aliniita dada tangu siku ya kwanza. "Dada, nielekeze." "Dada, samahani, hili nalo linafanywaje?" Na ukimwelekeza mara moja, hakuuliza mara ya pili. Hati yake ilikuwa nzuri mpaka meneja akawaonyesha Wazungu wenzake. Nilimfichia karatasi ya kukaushia wino kwa siku mbili, nikitaka daftari lake lichafuke. Akachota mchanga laini nje, akaunyunyiza, akaupuliza, na hati ikatoka safi kuliko ya jana. Nikamrudishia karatasi yake, nikasema ilikuwa imeangukia chini ya kabati. Akanishukuru.

Chai yake ililetwa kwenye kikombe chenye kisosi. Yangu ilikuja kwenye kopo la bati, kama zamani. Na mwisho wa mwezi tulitia saini kwenye karatasi moja ya mishahara, yeye juu, mimi chini yake. Macho hayana pazia. Alipata karibu mara mbili yangu, kwa kazi niliyokuwa bado namfundisha. Nilitia saini yangu kwa nguvu, nibu ikatoboa karatasi.

Siku ile nilitembea kwa miguu mpaka Kimandolu bila kumsalimia mtu. Nilipovuka mto Themi nilisimama kidogo darajani nikajiambia wazi, kwa maneno: nataka aharibikiwe. Sikutaka afe, wala augue. Nilitaka aharibikiwe kazini, mbele ya meneja, ili kile kiti kirudi kwangu. Nilirudia maneno yale mara mbili, na baada ya hapo nikaweza kula.

Sasa lazima nieleze habari ya mtoto wa meza wa chini, ile droo ya dirisha la akiba.

Kwetu mlimani kahawa ilikuwa ya wanaume. Mwanamke aliichuma, aliimenya, aliianika, lakini fedha zake zilipokuja zilihesabiwa na mume. Ndizi, maharage na maziwa vilikuwa vya mwanamke. Siku za soko akina mama waliteremka alfajiri na mikungu kichwani, wakauza, na kabla ya kupanda tena wengine walipita dirishani kwangu, wakafungua pindo la kanga, wakaweka shilingi tatu, shilingi tano. Nikaandika kwenye kitabu cha akiba, nikagonga mhuri, nikawapa. Nao wakakisukuma tena chini ya dirisha. "Kaa nacho wewe, mwanangu."

Nyumba zetu hazikuwa na mahali pa kuficha kitabu. Ukikiweka darini moshi utakila, ukikiweka ghalani watoto watakikuta. Na mume akikikuta hana swali jingine ila moja: "Unajikusanyia uende wapi?" Ukijibu kweli ataona umemdharau, ukidanganya umekwisha. Waume wetu walikuwa Walutheri wema, hawakunywa pombe, isipokuwa ya ndizi, ambayo hawakuihesabu kuwa pombe. Lakini fedha ya mke waliihesabu kuwa yao. Kwa hiyo vitabu vilikaa kwangu, kwenye mtoto wa meza wa chini, na ufunguo ulikaa shingoni kwangu. Vilifika thelathini na viwili. Sheria ya benki haikuruhusu. Mhindi alijua, akajifanya hamnazo, Mungu ambariki.

Kimojawapo kilikuwa cha mama yangu. Na mama alikuwa na siri kubwa kuliko kitabu. Nilipomaliza darasa la nne baba alisema yatosha, mtoto wa kike akisoma sana anamsomea mkwe. Mama hakubishana. Baada ya wiki alimwambia baba kwamba wamisionari wamenisamehe ada, niendelee tu. Baba akafurahi, kwa kuwa cha bure hakimdhuru mtu. Kumbe ada ilitoka kwenye ndizi, muhula hadi muhula, mpaka la nane. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kulipa fadhila. Kila sikukuu ya mavuno alipeleka misheni mkungu mkubwa kupita yote shambani, kuwashukuru kwa ajili yangu. Mama aliukata mwenyewe, akambebesha, akanyamaza kama maji mtungini.

Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa nyuma ya dirisha kwa siri kama hizo. Naandika hivi ili ijulikane kwamba sikukosea kwa kutojua.

Yule kijana wa Tanga alikuwa na mwezi wa tatu tulipoarifiwa kwamba mkaguzi anakuja kutoka Dar es Salaam baada ya siku kumi na moja. Tukaanza kupanga kila kitu. Akafika kwenye mtoto wa meza wa chini, akaomba ufunguo, nikauvua shingoni nikampa. Alifungua, akatazama muda mrefu.

"Dada, hivi vinafanya nini hapa?"

"Wenyewe wamenikabidhi."

"Mkaguzi akivikuta tutafukuzwa wote wawili."

Hilo lilikuwa kweli. Akakaa kwenye kile kiti chake, akafikiri. Ilikuwa masika, mvua ilishika, barabara ya mlimani ilikuwa utelezi mtupu na akina mama walikuwa wanapanda maharage; wengi hawakuwa wameteremka sokoni kwa wiki kadhaa. Akasema inabidi waandikiwe barua waje wachukue vitabu vyao, tena barua nzuri, ya heshima, wasije wakadhani wamefanya kosa. Kisha akaniuliza, "Wewe unatoka kulekule. Barua zao huwafikia kwa njia gani?"

Ningeweza kumwambia: nipe vitabu hivi Jumamosi, nitapita nyumba kwa nyumba, nitamnong'oneza kila mmoja jikoni kwake. Kila Jumamosi nilipanda nyumbani. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja.

Nikamwambia, "Sanduku la posta la usharika. Wote barua zao zinafika hapo."

Ilikuwa kweli tupu. Akaandika anwani.

Kwao Tanga barua humfikia mtu mkononi. Kwetu usharika mzima ulikuwa na sanduku moja la posta. Barua za wiki zilichukuliwa na mwinjilisti, na Jumapili baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama kwenye majani nje ya kanisa, alizisoma bahasha moja moja kwa sauti: ya nani, imetoka wapi. Ndivyo tulivyojua mtoto wa nani yuko Mombasa, nani ameitwa mahakamani. Na akitaja jina la mwanamke, aliyenyoosha mkono ni mumewe. Ndio ulikuwa utaratibu, hakuna aliyeuona kuwa mbaya. Bahasha za benki zilikuwa na mhuri mkubwa wa bluu pembeni. Mtu asingeweza kuukosea.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua kama ninavyojua njia ya kwetu. Niliona mbele yangu wanaume wakiteremka mjini kwa hasira, wamejaa ofisini, meneja akitoka chumbani kwake mwekundu kama nyanya, akiuliza ni nani aliyefanya hivi. Na kijana wa Tanga akisimama kutoka kile kiti. Akina mama wenyewe niliwaweka kando ya mawazo. Nilijiambia waume zao ni watu wa kanisa, watanung'unika jioni moja, yataisha. Mtu mwenye wivu hutafuta uongo mdogo wa kushikilia, nami nilishikilia huo.

Aliandika siku mbili, barua thelathini na mbili kwa mkono wake, maana alisema taipureta haina heshima kwa wazee. "Kwa mama yetu mpendwa, shikamoo." Ndivyo zilivyoanza zote. Tena alitaja katika kila barua kiasi kilichomo kitabuni, ili kila mama ajue fedha zake ziko salama. Mimi nilibandika stempu. Nilizibandika sawasawa, pembe kwa pembe, kwa utulivu ambao hata leo unanitisha kidogo.

Nilipofika kwenye bahasha ya mama, mkono wangu uliitoa kwenye rundo ukaitia kwenye mkoba. Sikufikiri. Nilifunga mkoba, nikaendelea na iliyofuata. Alhamisi zikaenda posta, thelathini na moja, na yeye akazibeba mwenyewe ili nisilowe na mvua.

Jumamosi nilipanda nyumbani. Nilitaka kuitupa ile barua motoni jikoni, lakini jikoni hapakukosa mtu hata dakika moja, na mama alikuwa na furaha ya kuniona. Jumapili tukaenda kanisani, baba mbele, mama na mimi nyuma, barua ikiwa bado mkobani kati ya kitabu cha nyimbo na leso.

Mvua ilikuwa imekatika. Watu walisimama kwenye majani yenye maji, wanaume upande wao, wanawake upande wao. Mwinjilisti alitoka na furushi mkononi, akacheka kwamba leo posta imetukumbuka. Alisoma moja ya Nairobi. Akasoma ya pili: mke wa fulani, kutoka benki, Arusha.

Yule mama alikuwa karibu yangu, jirani yetu, ambaye siku zote aliteremka sokoni pamoja na mama. Hakusogea. Mumewe alivuka majani, akapokea, akaigeuza bahasha akitazama mhuri. Mwinjilisti akasoma ya tatu. Benki. Ya nne. Benki. Ya tano alipoitaja sauti yake ilishuka, lakini hakujua cha kufanya ila kuendelea, kwa sababu majina yalikuwa yanasubiri. Wanaume walipita mmoja mmoja. Wengine walifungua palepale. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na kiasi kikatajwa kwa sauti. Nikasikia mwanamume mmoja akicheka, kicheko kikavu, akisema, "Kumbe mimi naishi na tajiri."

Wanawake wote walikuwa wanatazama chini. Nami nikatazama chini, miguu ya wote ilikuwa na tope lilelile. Nilijaribu kumfikiria kijana wa Tanga na kile kiti. Nikashindwa kukiona.

Furushi likaisha. Mwinjilisti akakunja kamba yake. Jirani yetu akageuka, akamtazama mama. Alijua mama ana kitabu. Walikuwa wakiweka akiba siku moja, wakipokezana mtoto mchanga wa huyo jirani pale dirishani. Alimtazama mama, halafu polepole akanitazama mimi, mfanyakazi wa benki, na wanawake waliokuwa nyuma yake nao wakanitazama. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuelezwa. Barua zimekuja kwa wote, ila kwa mama wa karani.

Mama alikuwa mtu wa kunyamaza, nimeshasema. Siku ile alitoka katikati ya wanawake akasimama mbele ya mwinjilisti.

"Yangu haijasomwa."

Mwinjilisti akageuza mikono kuonyesha ni mitupu. "Zimekwisha, mama. Yako haipo."

"Ipo," mama akasema. Hakugeuka kunitazama. "Anayo binti yangu."

Nilifungua mkoba. Kitabu cha nyimbo kikaanguka kwenye tope, na hakuna aliyeniokotea. Nikaitoa bahasha, nikamnyooshea mama. Hakuipokea.

"Mpe baba yako," akasema. "Wenzangu zao wamepewa waume zao. Nitaishi nao vipi?"

Nikavuka majani yale mbele ya usharika mzima, nikampa baba. Aliisoma yote akiwa amesimama, shikamoo na kila kitu, na kiasi mpaka senti. Hakuisoma kwa sauti. Akaikunja, akaiweka mfukoni mwa koti. Mama akamwambia, palepale, kwamba fedha hizo ndizo zilizonisomesha. Baba akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amenionea wapi. Njiani alitangulia, tukamfuata, na tulipokaribia nyumbani akasema bila kugeuka, "Mikungu yote ile niliyowapelekea wamisionari." Ni hilo tu alilosema, siku ile na siku zote.

Wanaume waliteremka mjini, kama nilivyotaka, lakini hakuna aliyekuja na hasira. Walikuja na wake zao, wamevaa nguo za kanisani. Mke aliweka alama ya kidole gumba, fedha zikatolewa, mume akazipokea, na kitabu kikafungwa. Kwa siku nne nilihudumia dirisha lile nikiwashika wanawake wale kidole, mmoja mmoja, nikikibonyeza kwenye wino. Waliniitikia salamu. Jirani yetu alikuwa akiweka akiba ili binti yake apelekwe kusomea uuguzi. Mumewe alinunua dume la ng'ombe, na binti akabaki nyumbani, akaolewa mwaka huohuo. Nilihudhuria harusi. Nilipewa nyama, sehemu nzuri.

Mkaguzi alikuta mtoto wa meza wa chini mtupu, akasifu. Meneja naye akapendezwa: vitabu vimerudi kwa wenyewe kama sheria inavyotaka. Kuhusu akiba kukauka aliniambia mimi, kwa masikitiko, kwamba akina mama wangu hawajui kuweka fedha. Kijana wa Tanga akapewa uhamisho wa Dar es Salaam, daraja la juu zaidi. Kiti akakipata mwanamume mwingine kutoka posta, na ni mimi niliyemfundisha kazi.

Lakini kabla hajaondoka, kijana wa Tanga alisikia yaliyotokea. Mama mmoja alimweleza dirishani, taratibu, kwa kuwa alimpenda. Uso ukamsawijika. Siku ya soko iliyofuata alivua kofia yake, akaenda mpaka kwenye mstari wa wauza ndizi, akasimama mbele yao kwenye matope na viatu vyake vile, akaomba radhi. Alisema hakujua desturi, na kutojua si kinga. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara nikiona yote. Wakamwambia mgeni hana kosa. Mmoja akampangusa machozi kwa upindo wa kanga, kama mwanawe. Nilimwonea wivu pale kuliko nilivyomwonea kwa ajili ya kiti, kuliko mshahara, kuliko kikombe chenye kisosi. Hata msamaha alipata yeye.

Hakuniuliza kamwe kama nilijua. Nadhani alihofia jibu.

Mama aliendelea kuuza ndizi. Aliweka wapi fedha zake baada ya hapo, sikujua, wala sikuthubutu kumwuliza. Aliendelea kunikirimu nikipanda nyumbani, akanipikia, akaniuliza habari za kazi. Jumamosi moja, kijana wa Tanga akiwa amebakiza siku mbili za kuondoka, nilimpitia mama sokoni jua likiwa bado kali. Alikuwa ameuza karibu mikungu yote. Amebakiza mkungu mmoja, mnono, wa namna ile aliyokuwa akimkatia baba apeleke misheni. Nilidhani ni wa kwetu, wa mama mdogo Kimandolu. Nikainama niubebe.

"Huo si wako," mama akasema. Akakunja kanga yake, akaiweka ngata kichwani mwangu, akanitwika mkungu kwa mikono yake miwili. "Mpelekee yule kijana. Yeye hakujua."